Marumaru au Kwarzaiti? Ukienda Kununua Jiwe la Jikoni, Beba Ndimu

Jiko jeupe lenye kaunta ya jiwe la mishipa ya kijivu ndilo wanalolitaka wengi wanaojenga siku hizi, Mbezi Beach kama Nyali. Picha wanazowaonyesha mafundi wao mara nyingi ni za marumaru ya Carrara, kule Toscana nchini Italia. Hapa nikisema marumaru nakusudia jiwe la kuchimbwa, si vigae vya sakafuni ambavyo wengi wetu tunavipa jina hilohilo. Ni jiwe zuri mno, na simlaumu anayelitamani. Ila kwa jiko linalopika chakula chetu kila siku, namshauri msomaji aitafute sura ile ya marumaru katika jiwe jingine, kwarzaiti, na asilipe hata shilingi kabla ya kulipima bamba lenyewe kwa mkono wake.

Tatizo la marumaru linatokana na asili yake. Ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhini, na madini yake makuu ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo katika matumbawe na makombe ya baharini. Kitu hicho hakipatani na asidi. Sasa hesabu vyenye asidi vinavyopita jikoni kwako tangu asubuhi: ndimu ya samaki, ukwaju wa urojo, siki ya achari, embe mbichi, nyanya za kachumbari, juisi ya mapasheni ya watoto. Tone la ndimu likikaa dakika chache juu ya marumaru iliyong'arishwa, asidi hula uso wa jiwe na mng'aro hutoweka pale lilipokaa. Linabaki doa lililofifia, la umbo la tone au la duara la kitako cha glasi. Mwenye nyumba husugua akidhani ni uchafu. Halitoki, kwa kuwa hapo jiwe limelika, na dawa yake ni fundi kuja kusugua na kung'arisha upya. Waliokulia katika nyumba zenye kaunta za terazo wanaujua ugonjwa huu, maana terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na ndimu huichimba vivyo hivyo mpaka kokoto zikaanza kujitokeza pembeni mwa sinki.

Wauzaji wengi wana jibu la haraka: tutaipaka marumaru yako dawa ya kuziba. Sikiliza vizuri hapo. Dawa hiyo huingia katika vitundu vidogo vya jiwe na kuchelewesha mafuta na rangi visizame ndani. Ina faida, lakini haizuii asidi kugusa uso wa jiwe na kuula. Anayekuahidi kwamba marumaru iliyopakwa dawa haitaguswa na ndimu, ama hajui bidhaa yake au anataka uondoke na bamba haraka.

Kwarzaiti ina historia nyingine kabisa. Ilianza kama mchanga wa kwarzi, ule mchanga mgumu unaong'aa, ukagandamana ukawa jiwe la mchanga, kisha ukazikwa chini sana hadi joto na mgandamizo vikazishikanisha chembe zake zikawa mwili mmoja. Ukilivunja jiwe la mchanga la kawaida, ufa huzunguka kandokando ya chembe. Ukivunja kwarzaiti iliyoiva, ufa hupita katikati ya chembe zenyewe. Kwarzi haijali ndimu wala siki. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa ugumu wake, talki akaipa 1 na almasi 10. Katika mpango huo madini ya marumaru yapo 3 na kwarzi ipo 7. Kioo na kisu cha kawaida cha jikoni viko katikati, karibu na 5 na nusu. Maana yake, kisu hukwaruza marumaru, lakini kwarzaiti ndiyo inayokula makali ya kisu. Kwa hiyo ubao wa kukatia bado unauhitaji, safari hii kwa ajili ya kisu.

Na sura? Hapo ndipo jiwe hili linapomfaa anayeipenda marumaru. Kuna kwarzaiti nyeupe zenye mishipa ya kijivu, za rangi ya maziwa zenye michirizi ya dhahabu, na nyingine za kijani hafifu au buluu. Mishipa yake hutembea kama mawimbi ya mchanga ulioachwa na bahari baada ya kupwa. Kuna jambo jingine analolipenda anayesukuma chapati au keki: kwarzi hupitisha joto upesi kuliko marumaru, hivyo ukiweka kiganja juu yake unahisi ubaridi, na unga hauchelewi kupoa.

Mawe ya aina hii hata kwetu yapo. Migongo mirefu ya vilima vya Karagwe, Ankole, Rwanda na Burundi imesimama kwa sababu ya matabaka ya kwarzaiti ambayo mvua za tangu enzi zimeshindwa kuyamaliza. Lakini kuwa na jiwe mlimani ni jambo moja, na kupata bamba la kaunta ni jingine: linatakiwa pande kubwa lisilo na nyufa, na misumeno ya waya wenye almasi ya kulipasua. Kwarzaiti za kifahari zinazouzwa duniani leo, nyingi hutoka Brazil, hasa majimbo ya Ceará na Bahia.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe. Majina ya biashara ya mawe hayakuambii jiwe ni nini. Chukua lile linaloitwa Taj Mahal, lenye rangi ya maziwa na dhahabu. Ni kwarzaiti nzuri, tena ngumu, lakini inachimbwa Ceará, Brazil. Jengo lenyewe la Taj Mahal, kule Agra, limefunikwa kwa marumaru ya Makrana kutoka Rajasthan. Lipo jiwe linaloitwa Super White, jeupe lenye mawingu ya kijivu, ambalo kwa miaka mingi limeuzwa kama kwarzaiti ilhali mara nyingi ni marumaru ya dolomaiti. Lipo Fantasy Brown la India, ambalo nalo hupewa jina la kwarzaiti na lina madini ya marumaru ndani yake. Dolomaiti ni ngumu kidogo kuliko marumaru ya kawaida na asidi huila polepole zaidi, na kwa sababu hiyo humdanganya hata muuzaji mwaminifu. Ukisikia mtu anasema "hii ni kwarzaiti laini", elewa kwamba jiwe hilo halipo. Kwarzaiti ikiwa laini, basi si kwarzaiti.

Mtego wa pili ni kwarzi ya kiwandani. Hii hutengenezwa kwa kusaga kwarzi na kuichanganya na gundi ya plastiki. Kwa uzito, takriban asilimia 90 ni mawe na iliyobaki ni gundi na rangi. Ina sifa zake: haifyonzi maji, haihitaji dawa, na bamba moja hufanana na jingine. Lakini ile gundi haipendi moto. Sufuria iliyotoka jikoni ikichemka huweza kuiunguza na kuacha duara la njano, na jua kali la dirishani huibadilisha rangi taratibu. Anayepikia barazani au mwenye dirisha kubwa linaloelekea magharibi asiinunue. Kwa kuwa majina ya vitu hivi viwili yanakaribiana, sema wazi dukani kwamba unataka jiwe la asili, na uhakikishe limeandikwa hivyo kwenye risiti.

Njia ya kujilinda ni rahisi, na haihitaji maabara. Mwombe muuzaji kipande kilichokatwa kutoka bamba lilelile unalolitaka, si sampuli ya mezani kwake ambayo huenda ilitoka katika shehena ya mwaka juzi. Mawe ya asili hubadilika kutoka pande moja hadi jingine, hata katika machimbo yaleyale. Ukishakipata, chukua chupa ya kioo, iweke chini imara, na uburute ncha kali ya jiwe juu yake kwa nguvu. Kisha futa vumbi kwa kidole. Hapa wengi hukosea, kwa sababu jiwe laini nalo huacha mstari mweupe juu ya kioo, kumbe ni unga wa jiwe lenyewe uliosagika. Pitisha ukucha baada ya kufuta. Ukinasa kwenye mkwaruzo wa kweli, jiwe lina kwarzi ya kutosha. Kioo kikiwa safi na laini, ulichoshika ni marumaru au dolomaiti, hata kama risiti itasema vingine.

Kipimo cha pili ni ndimu. Kamua matone machache juu ya upande uliong'arishwa, uyaache nusu saa nzima, tena uyaweke juu ya mshipa na juu ya sehemu tupu, kwa kuwa baadhi ya kwarzaiti zina mishipa ya madini yanayolika ingawa mwili wake ni mgumu. Osha, kausha, kisha inua kipande na ukitazame kwa ubavu kuelekea mwanga. Mng'aro ukiwa sawasawa kote, jiwe limefaulu. Ukiona kivuli kilichofifia pale palipokuwa na tone, liache. Kwa kuwa mabamba mengine huja yameshapakwa dawa inayoweza kuchelewesha majibu, rudia upande wa nyuma usiong'arishwa: kwangua mpaka upate unga kidogo, udondoshee siki, na uinamie karibu. Vipovu vidogo vikianza kupanda, kuna chokaa humo. Muuzaji anayejua anachouza hatakasirika ukifanya haya yote. Anayekataa hata kukupa kipande cha pembeni amekwisha kukujibu.

Kipande hichohicho kitakueleza pia jiwe linakunywa kiasi gani. Kwarzaiti zote ni ngumu, lakini zote hazikushikana sawasawa. Dondosha maji upande wa nyuma na usubiri robo saa. Palipobaki rangi ileile, jiwe limejifunga vizuri. Palipogeuka peusi kwa unyevu, jiwe hilo litakunywa pia mafuta ya nazi, mchuzi wa manjano na chai. Hiyo si sababu ya kulikataa, ila ujue kwamba litategemea dawa ya kuziba maisha yake yote. Mimi kwa jiko la familia kubwa, ambako pilau na viazi karai havikauki, ningechukua linalokunywa kidogo hata kama mishipa yake si mizuri kama ya jirani yake.

Kuhusu fedha, kwarzaiti ni ghali kuliko granaiti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko katika kazi: jiwe gumu humaliza diski za almasi na huchukua muda mrefu mezani kwa fundi. Zaidi ya hayo, kwa kawaida utauziwa bamba zima, ambalo huwa na urefu wa karibu mita 3 na upana wa chini kidogo ya mita 2. Ndiyo maana vipimo vya jiko viwe tayari kabla hujaenda kununua. Badiliko la sentimita kumi katika kabati moja laweza kukuepusha na kununua bamba la pili. Kaunta ikizidi mita 3, kutakuwa na kiungo, na hapo ndipo fundi mzuri anapoonekana. Mwambie aweke ramani ya kaunta yako juu ya bamba, wewe ukiwepo, na mkubaliane mshipa upi uangukie wapi, kabla ya kukata. Kiungo kisipitishwe katika upenyo wa sinki wala wa jiko la gesi, maana sehemu hizo tayari ndizo dhaifu kuliko zote.

Uzito nao usiusahau. Bamba la unene wa sentimita 2 lina kilo 53 hivi kwa kila mita moja ya mraba, na la sentimita 3 linakaribia kilo 80. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 itakuwa na takriban kilo 95 kwa unene wa kwanza na kilo 143 kwa wa pili. Kama kaunta yako inakaa juu ya zege lililomwagwa juu ya kuta fupi za tofali, kama zilivyo nyumba zetu nyingi, sentimita 2 zinatosha na zitakupunguzia gharama. Kama inakaa juu ya makabati ya mbao zilizoshindiliwa, muulize seremala kwa uwazi kama yataubeba mzigo huo, na ahakikishe yako sawa kwa pimamaji, kwa kuwa jiwe hili halipindi. Likiachiwa uwazi chini yake, hupasuka. Sehemu inayoning'inia kwa ajili ya viti isizidi sentimita 15 kwa bamba jembamba au 25 kwa nene bila kuwekewa mhimili.

Fundi akikuambia ataimarisha ukanda mwembamba wa mbele ya sinki kwa kuzamisha nondo chini yake, mkubalie, lakini iwe ya chuma kisichoshika kutu. Nondo ya kawaida hushika kutu kwa unyevu wa sinki, kutu huvimba, na uvimbe huo hulipasua jiwe miaka michache baadaye wakati fundi mwenyewe hapatikani tena.

Matunzo hayana mengi. Sabuni ya maji isiyo kali na kitambaa laini vinatosha kwa siku zote. Sufuria ya moto haitaliunguza jiwe, lakini weka kipande cha ubao chini yake, kwa kuwa moto wa ghafla sehemu moja huweza kuamsha ufa uliojificha, na nyufa nyingine hujazwa gundi kiwandani ambayo hugeuka rangi. Doa la mafuta likizama, koroga soda ya kuokea na maji iwe uji mzito, paka, funika kwa nailoni hadi kesho yake, kisha liache likauke ndipo ukwangue. Rudia mpaka litoke. Dawa ya kuziba ipakwe tena pale tone la maji linapoanza kuacha weusi, usingoje miaka wala usiipake kwa mazoea tu. Kitu kimoja cha kuepuka kabisa ni dawa za kutoa kutu zenye asidi ya haidrofloriki. Hiyo hula hata kwarzi, na ni hatari kwa ngozi na mifupa ya anayeitumia.

Yupo ambaye ningemshauri asinunue kwarzaiti. Kama hujali mishipa ile na unataka tu jiwe gumu la kupikia na kusahau, nunua granaiti nyeusi au ya kijivu. Utapata uimara unaokaribiana kwa fedha pungufu. Kama moyo wako umeshikwa na marumaru yenyewe, iweke kwenye ngazi, ukuta wa sebule au meza ya kuwekea maua, mahali ambapo ndimu haifiki. Kwarzaiti ni ya yule anayetaka vyote viwili, sura ile na jiko linalofanya kazi, na yuko tayari kulipia ukataji mzuri.

Na hapo kwenye ukataji nina ombi. Vumbi la kwarzi ni sumu ya mapafu. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba macho hayazioni, na zikiingia ndani ya mapafu hazitoki; huleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba. Australia ilipiga marufuku mawe ya kwarzi ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana wakataji waliokuwa wakiugua. Kwarzaiti ya asili nayo ni karibu kwarzi tupu, kwa hiyo vumbi lake si la kuchezea. Maji yanayomwagika kwenye diski wakati wa kukata hulishusha vumbi kabla halijafika puani, na kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi kuchukua mahali pa maji hayo. Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, nenda karakana ukaone kwa macho. Ukikuta mashine zinamwaga maji na sakafu imelowa, kaa mzungumze. Ukikuta vijana wamekuwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, peleka kazi yako kwingine na umweleze mwenye karakana kwa nini. Andika katika makubaliano yenu kwamba matundu ya sinki, ya bomba na ya jiko yatakatwa yote karakanani kwa maji, na kwamba hakuna grinda itakayowashwa kavu ndani ya nyumba yako, ambamo familia yako na fundi mwenyewe watalivuta vumbi hilo. Kazi hiyo itaongeza bei kidogo. Ilipe.